Kitasa cha Sanduku la Dawa

Mimi ni mtu wa haraka. Naanza na hilo ili nisionekane namsingizia mtu, kwa sababu katika habari ya kitasa cha sanduku langu la pikipiki hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Fundi hana kosa. Barabara ya Masama ina mkono wake kidogo, lakini barabara huwezi kuipeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Kazi yangu ni kutibu mifugo. Cheti changu hakinipi haki ya kuitwa daktari, ila kwetu ukishashika sindano watu wanakuita dokta, na mimi sijawahi kuwakataza. Nimepanga chumba Majengo, mjini, na siku nyingi nashinda Mabogini kwa watu wa mpunga, nikidunga ng'ombe na kusikiliza malalamiko ya wenye ng'ombe. Zamani dawa zangu zilikaa kwenye sanduku la plastiki nyuma ya pikipiki, mpaka siku moja, nikiwa nimeinama kwenye banda la mbuzi, mtu akalifungua kwa msumari akaondoka na dawa zote na chupa yangu ya chai. Mwizi wa chai nilimsamehe. Mwizi wa dawa sikumsamehe, na kwa hasira ile ile nikaenda kwa mchomeaji nikamwambia anitengenezee sanduku la chuma.

Alilitengeneza kweli. Bati nene, bawaba kwa ndani, na limefungwa kwenye keria kwa bolti nne ambazo nati zake ziko ndani ya sanduku lenyewe, ili mtu asiweze hata kuling'oa lote akaenda nalo. Mchomeaji aliniuliza kama nasafirisha dhahabu. Mama yangu, ambaye tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule Masama mlimani, alipoliona mara ya kwanza aliligonga kwa vidole kama anayechagua chungu sokoni, akasema sasa hata mgeni akipita atajua mwanawe ni daktari. Majirani waliitwa kuja kuliona. Nilijisikia mtu.

Kitasa kilikuwa kwenye kifuniko. Ukizungusha ufunguo, kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita ulimi kinashuka na kuingia kwenye tundu la ukingo wa sanduku. Ukizungusha kinyume, kinapanda. Nyuma yake kuna nati moja tu inayoshikilia mambo yote hayo. Mawe ya barabarani yakailegeza. Ufunguo ukaanza kuzunguka bure, leo mara moja, kesho mara tatu, na mimi nikawa nalipiga sanduku ngumi, linafunguka, naendelea na kazi. Niliishi hivyo miezi miwili. Dalili kama zile ningezikuta kwa ng'ombe, ningemgombeza mwenye ng'ombe aliyezikalia muda wote huo.

Ijumaa moja ngumi hazikutosha. Nikalipeleka kwa fundi vitasa wa Majengo, mzee anayekaa kwenye baraza karibu na msikiti na meza yake ya funguo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dokta. Leo mgonjwa nani?"

Alihangaika na waya wake mpaka kikafunguka, akakifumua kile kitasa, akaniwekea nati kiganjani. "Hii imeliwa meno," akasema. "Hata nikiikaza italegea. Inataka ibadilishwe, halafu itobolewe itiwe pini. Niachie mpaka kesho."

"Kesho naweza kuitwa popote, mzee. Kaza tu."

"Nikikaza ni kudanganyana."

"Tudanganyane hivyo hivyo."

Akakaza. Halafu akachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata ukanda mrefu, akanifungia nao sanduku kwa mikono yake ili nione namna. "Usitie ufunguo mpaka uniletee tena. Ulimi huu ukishuka, haupandi." Nikaitikia kama mwanafunzi anayetaka kengele igongwe.

Kesho yake, Jumamosi, kabla hata hakujapambazuka vizuri, mama akapiga simu.

"Amezaa," akasema. "Ndama jike, mzima. Lakini mama mtu amelala, hataki kuamka. Nimemshika masikio, ya baridi."

"Shingo ameiwekaje?"

"Ameigeuzia ubavuni, kama anayejinusa."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, madini ya mwilini yote yanakimbilia kwenye maziwa. Damu inabaki tupu, misuli inalegea, anaanguka, na usipomuwahi anakufa siku ile ile. Lakini katika magonjwa yote ninayotibu, huu ndio ugonjwa unaonipa sifa nisizostahili. Dawa ni chupa moja ya kalsiamu, polepole, kwenye mshipa wa shingo. Nimeona ng'ombe ambao watu walishaanza kuwalilia, na kabla sijamaliza kukunja mpira wa dripu wameshasimama wanatafuta majani. Nilikuwa na chupa moja. Niliitupia kwenye sanduku pamoja na mabuti yangu ya mpira, kamba na spana, nikafunga kwa ule ukanda wa tyubu, nikaondoka.

Ni lazima niseme ng'ombe yule alikuwa nani kwa mama. Nilishamwambia mara nyingi ahamie kwangu mjini, akaniuliza ng'ombe atalala wapi, chini ya kitanda? Kahawa ilishazeeka na baba ndiye aliyekuwa na mkono wa kahawa. Kilichobaki ni ng'ombe. Kila asubuhi alimkamua, akabeba ndoo yake hadi kituo cha kukusanyia maziwa, akasalimiwa, akasikia nani anaumwa na nani ameolewa, akarudi na majani begani. Siku nilizofika nikamkuta amenuna, nilijua ng'ombe hakula. Siku nilizomkuta anaimba, ng'ombe alikula. Mimi mtoto wake nilikuwa nakuja mara mbili kwa mwezi. Yule alikuwa naye kila siku.

Nilipofika Kwa Sadala, pale unapoiacha lami kuu na kuanza kupanda, nilisimama kununua mkate na sukari. Najua. Nimejiuliza swali hilo kuliko atakayeniuliza yeyote. Lakini kwetu mtoto hafiki kwa mama yake mikono mitupu, hata kama nyumba inaungua. Atauzima moto na mkate kwapani. Watu walikuwa wengi, pikipiki ilibaki kando ya barabara, na mkono wangu, ulioibiwa mara moja, ukautia ufunguo wenyewe ukauzungusha. Nilisikia ulimi ukishuka. Niliporudi na mkate, ufunguo ukazunguka bure. Nikapiga ngumi mbili. Kimya. Mbele yangu, hatua ishirini hivi, palikuwa na banda la wachomeaji, na moto wao wa buluu ulikuwa ukiwaka. Nikasema nikifika nitalipiga vizuri. Nikaning'iniza mkate kwenye usukani, nikawapita.

Mama alikuwa amesimama njiani, kanga kiunoni, miguu imejaa matope. Hakunisalimia. Alisema tu, "Umefika," na pumzi aliyoishusha ikanitia hofu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, maana ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Ng'ombe alikuwa kwenye banda lake chini ya migomba. Jirani yetu, mzee anayechinja kwenye harusi na vipaimara vyote vya upande ule, alikuwa amemsaidia mama kumwegemeza kwa magunia ya majani ili asilale ubavu akajaa gesi. Walifanya vizuri. Nilimgusa jicho, likapepesa polepole. Nikasikiliza moyo: wa mbali, wa haraka, lakini upo. Nikamwambia mama asiogope, kwamba saa moja haitapita atakuwa amesimama.

"Nilimwambia baba jirani," mama akasema. "Alitaka tumwite yule daktari wa kule ng'ambo ya bonde, nikamwambia wa kwangu yuko njiani."

Nikaenda kwenye pikipiki, nikaufungua ukanda wa tyubu. Ufunguo ukazunguka. Nikapiga ngumi, kisha jiwe, kisha nikapanda keria na kulikanyaga sanduku kwa visigino. Nilitafuta bisibisi, nikakumbuka bisibisi iko ndani. Spana ziko ndani. Kila kitu nilichohitaji kulifungua nilikuwa nimekifungia humo humo. Mama alikuwa amebeba beseni la maji ya moto niliyomwagiza, akasimama nalo, mvuke unampanda usoni.

"Limefanyaje?"

"Linafunguka sasa hivi."

Jirani alileta nyundo na tindo. Alipiga mara tatu, na kila pigo nikasikia kitu kikigonga chuma ndani, kioo kwenye chuma, nikamshika mkono. Chupa ilikuwa moja. Kuna fundi wa madirisha hapo juu mwenye grenda, ile mashine ya kukatia chuma, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nikampigia yule daktari wa ng'ambo niliyekuwa nimemdharau kimoyomoyo dakika chache nyuma. Simu yake haikupatikana, na jirani akasema amesikia amekwenda msibani. Nikapiga duka la dawa Kwa Sadala. Kalsiamu imekwisha, labda Boma. Kwenda Boma na kurudi, kwa barabara ile, ni zaidi ya muda aliokuwa nao ng'ombe. Hata hivyo ningekwenda, kama si kuogopa kumwacha mama na lile jicho.

Ndipo nikampigia fundi wa Majengo. Sikumsalimia, na yeye hakunikumbusha adabu.

"Ufunguo unazunguka bure?"

"Bure kabisa."

"Nilikwambia, dokta." Halafu, bila kungoja nijibu: "Basi nati imetoka. Ulimi umekaa chini kwa uzito wake tu, hakuna kinachoushika. Geuza sanduku kichwa chini. Utaanguka wenyewe urudi ndani."

"Limefungwa kwenye pikipiki."

"Geuza pikipiki."

"Mna chupa ya kioo ndani, mzee. Moja. Ikivunjika nimekwisha."

"Basi sina lingine," akasema. "Mungu akusaidie."

Niliiangalia ile pikipiki. Tulikuwa watatu, tungeweza kuigeuza. Nikawaza chupa inavyoviringika peke yake kati ya spana na vyuma, nikaona dawa inachuruzika kwenye matope, na sikuthubutu. Maisha yangu yote nimekosea kwa haraka. Siku ile, mara moja tu, nikaamua kuwa mwangalifu. Nikachukua kipande cha waya wa uzio nikaanza kuchokoa kitasa kama nilivyomwona fundi akifanya, na mikono yangu, ambayo inapata mshipa wa mbuzi gizani, ikawa mikono ya mtu mwingine. Nilichokoa mpaka vidole vikatoka damu. Niliomba. Nilitukana. Nadhani niliomba na kutukana katika sentensi moja.

Kutoka bandani nikasikia ng'ombe anakoroma.

Niliporudi, shingo ilikuwa imelegea na kichwa kipo chini kwenye samadi. Tumbo lilianza kujaa. Nilimgusa jicho, halikupepesa. Jirani alikuwa ameshika kisu chake, hakukificha wala hakukionyesha. Kwetu nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe hailiwi. Inafukiwa, na aliyemfuga anabaki na shimo. Akiwahiwa na kisu akiwa hai, basi angalau ndugu na majirani watakula, kila mmoja kipande chake kwa nafasi yake, na mwenye ng'ombe hatakuwa amepoteza vyote.

"Dokta," akasema, kwa upole ambao sijausahau. "Akitutangulia, ni wa kufukia. Wewe ndiye unajua. Bado tuna muda au hatuna?"

Mama hakumwangalia yeye wala ng'ombe. Aliniangalia mimi. "Sema wewe," akasema.

Nilijua bado. Hilo ndilo lililonikaa mpaka leo: nilijua kwamba hata katika hali ile, chupa moja ingeweza kumrudisha. Nimewaona waliokuwa na macho makavu kama yale wakasimama. Lakini chupa ilikuwa ndani ya chuma, na sikujua chuma kitafunguka baada ya dakika tano au baada ya siku. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na aibu, na aibu inataka jambo liishe upesi, liishe vyovyote.

"Mchinjeni," nikasema.

Mama akaingia ndani ya banda akamtoa ndama, akaenda naye nyuma ya nyumba ili asione. Sikubaki kutazama. Nilitembea hadi kwenye pikipiki, nikasimama mbele yake, na nyuma yangu nikasikia miguu ya ng'ombe ikipiga mbao mara mbili, kisha kimya, kisha jirani akiita watu wa nyumbani kwake waje na beseni.

Nikaipiga teke. Sikuwa na nia yoyote, ilikuwa hasira tupu. Niliipiga teke pikipiki yangu kama mlevi anavyopiga mlango. Stendi ikateleza kwenye matope, ikayumba, ikaanguka upande wa mteremko, na kwa sababu kwetu hakuna mahali tambarare, ikabiringika ikaingia kwenye mfereji wa maji, magurudumu juu. Nilisikia mlio mdogo sana. Kifuniko kikaachia, vitu vikamwagika: kamba, spana, sindano kwenye pakiti zake, na mabuti yangu mawili. Nikashuka mfereji kwa magoti. Chupa ilikuwa ndani ya buti la kushoto. Ilikuwa imetumbukia humo, sijui lini, ikakaa kwenye mpira kama mtoto mgongoni. Kilichokuwa kikigonga ndani kilikuwa chupa ndogo ya spiriti, na hiyo nayo haikuwa imepata hata ufa.

Sijui nilikaa pale muda gani. Niliposikia mtu nikainua kichwa, alikuwa mama, amesimama juu ya mfereji. Aliliona sanduku limefunguka. Aliiona chupa mkononi mwangu, nzima, imejaa. Macho yake yakaenda bandani ambako tayari palikuwa na watu watano wanachuna, yakarudi kwangu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Lini limefunguka?"

"Sasa hivi, mama. Nimelipiga teke. Fundi aliniambia niligeuze, nikaogopa..."

"Irudishe," akasema.

Sikumwelewa. Akashuka mwenyewe kwenye mfereji, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akanisaidia kuinua pikipiki, akaokota kamba na spana akazitia sandukuni moja moja. Akaichukua chupa mkononi mwangu akairudisha kwenye buti, buti akaliweka chini kabisa. Akashusha kifuniko akakikandamiza kwa viganja viwili.

"Lifunge."

"Mama."

"Lifunge, mwanangu, kabla hawajaja."

Nikauzungusha ufunguo. Ulimi ulikuwa umeshashuka wenyewe.

Jirani alikuja akifuta mikono kwa jani la mgomba, akaliangalia sanduku lenye matope. "Limekubali?"

"Limekataa," mama akasema. "Na hata lingekubali, asingeweza kitu. Mimi ndiye niliyechelewa kumpigia. Nilimwona ameanguka tangu usiku wa manane, nikasema kukicha ndiyo nimwamshe mtoto. Dokta alipofika ng'ombe alishakwisha, alituonea huruma tu kutuambia atasimama."

Ng'ombe alianguka alfajiri, na mama alinipigia dakika ile ile. Jirani akatikisa kichwa, akampa pole, akanipa na mimi pole, na wote waliokuja kuchukua nyama jioni ile walielezwa vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, na mama mwenyewe, huku mimi nimekaa pembeni nikimshikia ndama chupa ya maziwa yaliyotoka kwa jirani. Mara ya nne aliposema hata mimi nilikaribia kuamini. Wanawake walimlaumu kidogo, kwa upendo, kwamba uzee unamfanya mgumu wa kuomba msaada. Akakubali.

Nililala pale. Asubuhi ilikuwa Jumapili ya Chakula cha Bwana, ambacho kwetu mwenye dhambi asiyoitubu hakili, tukashuka kanisani pamoja, tukakaa benchi letu la siku zote. Mama yangu hajawahi kukikosa Chakula cha Bwana, hata wiki ile ile tuliyomzika baba alikwenda. Zamu ya benchi letu ilipofika, watu wakasimama, akavuta miguu yake pembeni wapite. Jirani mmoja akamshika bega akadhani ni majonzi ya ng'ombe.

Na mimi nikabaki nimekaa. Ilikuwa haki yangu kubaki, kuliko yeye. Akanifinya paja, mkono wake umefichwa na kanga, kwa nguvu, bila kunitazama.

"Wewe nenda," akanong'ona. "Tukikaa wawili watauliza."

Nikasimama, nikaenda, nikapiga magoti pale alipozoea kupiga magoti yeye, nikala.